Namna ya Kulala Usingizi Jengo Likiungua

Hesabu kwanza majengo. Ukikuta kanzidata yako yote imo katika jengo moja, una kazi ya kufanya wiki hii. Usiku wa kuamkia Machi 10, 2021, moto ulizuka kwenye kituo cha data cha OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Jengo la SBG2 liliteketea lote, na la jirani, SBG1, likaungua sehemu. Wapo wateja waliokuwa na nakala rudufu, tena za kulipia, ila zilikaa palepale. Moto ulikula seva na akiba yake kwa mlo mmoja.

Mawili je? Hapa nisikilize vizuri, maana ndipo mafundi wazuri wengi wanapokwama. Kanzidata iko jengo la kwanza, nakala yake hai iko la pili, mkongo unayaunganisha. Siku moja mkongo unakatika. Majengo ni mazima, umeme upo, ila hayasikiani. La pili linasema mwenzangu kafa, natwaa uongozi. La kwanza halijui kama limepinduliwa. Linaendelea kupokea miamala. Mteja mwenye laki moja anaitoa huku, dakika hiyohiyo anaitoa na kule. Mkongo ukirudi una daftari mbili, na hakuna mashine ya kukuambia uchane ipi. Fahali wawili hawakai zizi moja.

Dawa yake tunaijua tangu vikao vya kijiji: akidi. Weka seva tatu, majengo matatu, na uamuzi wowote upate kura mbili. Jengo likizimika, wawili waliobaki wanaendelea na kikao. Aliyekatiwa mawasiliano anajihesabu, anaona yuko peke yake kati ya watatu, ananyamaza. Unyamavu huo naupenda kuliko sifa nyingine yoyote ya mifumo hii. Wa tatu anaweza kuwa shahidi tu, kompyuta ndogo isiyobeba data, kazi yake kura. Ila nakusihi, usimlaze katika jengo mojawapo la yale mawili. Likianguka hilo, limeanguka na kura mbili. Wala usiongeze wa nne ukidhani umejiimarisha: akidi ya wanne ni watatu, kwa hiyo bado unavumilia kifo kimoja tu.

Kura ya kumchagua kiongozi haitoshi. Oktoba 21, 2018, matengenezo ya kifaa cha mkongo yaliikatia kampuni ya GitHub, Marekani, mawasiliano na kituo chake kikuu cha pwani ya mashariki kwa sekunde 43. Programu iliyosimamia kanzidata zake ilikuwa na akidi, ikapiga kura, ikahamishia uongozi pwani ya magharibi. Lakini maandiko ya sekunde chache yalikuwa mashariki tu, hayajafika magharibi. Mtandao uliporudi, kila pwani ilikuwa na kitu ambacho mwenzake hana. Huduma ilisuasua kwa saa 24 na dakika 11. Nawaheshimu kwa jambo moja: walikubali kusuasua kuliko kutupa data za watu.

Basi akidi iwe kwenye kila andiko. Usimwambie mteja "muamala umekamilika" mpaka majengo mawili yamekwisha kuuandika. Hapo shahidi mtupu hatoshi: ukitaka uandishi uendelee jengo likianguka, wa tatu naye abebe data. Gharama yake ni kusubiri. Mwanga ndani ya mkongo hukimbia takribani kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kila kilomita 100 kwenda na kurudi ni milisekunde moja. Dar es Salaam na Dodoma, karibu kilomita 450 kwa barabara, zinakudai milisekunde nne na nusu au zaidi kwa kila andiko. Kwa pesa za watu au majibu ya maabara, lipa hizo milisekunde.

Kisha omba ramani ya mkongo wenyewe. Kampuni mbili, bili mbili, zinaweza kupita mtaro mmoja. Katapila la barabara halitachagua. Na nakala za kila usiku ziendelee, kwa sababu fundi akifuta jedwali kimakosa, seva zote tatu zitamtii.

Mwisho, chagua Jumanne, saa nne asubuhi, mafundi wote wakiwepo na chai imeshanywewa. Waarifu wakubwa. Halafu nenda jengo la kwanza ukazime umeme kwa mkono wako.