Jinsi ya Kuiba Fonti Bila Kutoka Jasho

Umepata kazi ya kadi za mchango wa harusi. Mteja anataka "zile herufi za kujikunja", na anazitaka leo. Kununua fonti? Mungu apishie mbali! Fuata hatua hizi.

1. Azima flashi. Kila steshenari ina flashi yenye folda ya fonti elfu na ushee. Usiulize zimetoka wapi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini kompyuta yako itawajua.

2. Jisomee sheria nusu. Anayekulaumu mwambie kwamba Marekani umbo la herufi halina hakimiliki. Ni kweli kabisa. Ishia hapo hapo, usije ukaongeza kwamba faili la fonti ni programu ya kompyuta, na programu hulindwa huko huko.

3. Iga wakubwa. Mwaka 2010 Hadopi, chombo cha Ufaransa kilichoundwa kupambana na uharamia wa mtandaoni, kilionyesha nembo yake mpya. Herufi zake zilikuwa za Bienvenue, fonti ambayo Jean-François Porchez aliichora kwa ajili ya France Télécom peke yake. Nembo ikabidi ibadilishwe. Mganga hajigangi.

4. Dharau neno "majaribio". Fonti za namna hiyo aghalabu hazina tarakimu wala alama za uandishi, lakini nani atagundua? Kwenye kadi yangu ya kwanza, kiboksi kitupu kilikaa katikati ya neno "Ng'ambo", na "Sh 100,000" ikatokea kwa herufi nyingine kabisa, kama mgeni aliyekosa sare. Kadi 200 zilikuwa zimeshatoka. Bi harusi aligundua kabla sijakaa.

5. Kimbia njia halali. Google Fonts ipo tangu 2010, na fonti zake nyingi zina leseni ya SIL Open Font License: unazitumia kwenye kazi za kulipwa, unazirekebisha, unawagawia wenzako, mradi tu usiuze fonti yenyewe peke yake. Fontstand nayo ilianza mwaka 2015 kukodisha fonti mwezi kwa mwezi, wala haikudai kodi ya miezi sita kama mwenye nyumba wa Kariakoo. Rahisi mno! Mwizi mwenye heshima zake hutafuta usumbufu.

6. Linda jasho lako. Kabla hujamtumia mteja sampuli kwa WhatsApp, pitisha jina lako na namba ya simu katikati ya kadi, wasije wakaichukua bila kulipa. Watu siku hizi hawana haya.

Umeudhika hapo kwenye hatua ya sita? Basi umeshaelewa anavyojisikia aliyekaa kuchonga A hadi Z, kubwa na ndogo, akapima na nafasi kati ya herufi na herufi. Rudisha flashi ya watu, na usome leseni kabla hujapakua.