Mozart wa Suna

Nampongeza jirani yangu hapa Suna. Mwanawe wa miezi saba hajaweza kuketi bila kuwekewa mto, lakini kila asubuhi anahudhuria tamasha la Mozart, simu ikiwa imeegemezwa kwenye kopo la unga wa uji. Tamasha hukatizwa tu na tangazo la mikopo, ambalo nalo, nadhani, hukuza akili.

Sayansi ipo, msibishe. Mwaka 1993 watafiti wa Marekani waliwasikilizisha Mozart wanafunzi 36 wa chuo kikuu, wakawa hodari wa mafumbo ya kukunja karatasi kwa dakika 10 hadi 15. Mpunguzie mwanachuo miaka ishirini, unabaki na mtoto mchanga. Hesabu ni ileile. Ndiyo, mwaka 2009 Disney ilikubali kuwarudishia wazazi pesa za video za Baby Einstein, lakini huo ni ukarimu wa matajiri tu.

Nyanya ya mtoto wa jirani alitaka kuleta fujo: akambeba, akamwimbia, akamchezesha mapajani. Akaombwa kwa heshima angoje fidla zimalize. Babu mwenye nyatiti naye alibaki barazani. Nyuzi nane zote hizo, na hakuna hata mmoja wa kuruka tangazo!

Uchoraji nao haukusahauliwa. Mtoto anaonyeshwa nyota za Van Gogh zikizunguka. Kisiwani Mfangano kuna miduara myekundu na myeupe iliyochorwa mwambani na wahenga, lakini huko ni safari ya boti, na mwamba hauna chaji.

Juzi mtoto alitamka neno. Mama anaapa ni "Amadeus". Mimi nilisikia "bando".