Mwisho wa Siku ni Saa Ngapi?

Leicester, Uingereza

Mama, Baba Mdogo, Shangazi na wote mtakaosomewa barua hii hapo Bicha, Kondoa,

Shikamooni. Wadogo zangu nao, marahaba. Najua hamjaniamkia, nimeitikia kabisa ili kuokoa muda. Mimi mzima, baridi tu. Nawaandikia kwa sababu juzi nimeshinda keki kazini na sikujua hata kama nilikuwa mashindanoni.

Kila Jumatatu meneja wa ghala letu hutukusanya kwenye chumba cha mikutano atueleze mambo ya wiki. Safari hii dada mmoja wa Kipolandi, ambaye huwa hacheki, alinipenyezea chini ya meza karatasi yenye visanduku, na katika kila kisanduku maneno ya Kiingereza. Akaninong'oneza: akisema, weka alama. Meneja akafungua kinywa. "Going forward", tiki. "Reach out", tiki. "At the end of the day", tiki mbili, maana aliyarudia kabla hajavuta pumzi. Hata robo saa haikufika, mstari wangu ulikuwa umejaa. Dada akakohoa, wenzetu wakageuka kunitazama, na mkutano ulipovunjika nikakabidhiwa keki ya chokoleti. Kumbe ni mchezo wa zamani maofisini, ulianza Marekani kwa wahandisi wa kompyuta miaka ya 1990. Maneno yanayowaudhi wameyafanya bingo. Kwa hiyo kila mtu anakaa mkutanoni ametega masikio, na meneja anatembea kifua mbele kwamba siku hizi watu wake ni wasikivu.

Hilo la "going forward" maana yake ni kuanzia sasa, ila wao husema kwenda mbele, na sishangai, kwa sababu hawajawahi kwenda kwingine. Laiti wangepanda basi la Arusha wakati wa masika, kabla lami haijafika, kwenye vilima vya Kolo: gari linarudi nyuma taratibu, wanaume wanashuka kusukuma, na mama mmoja anabaki ndani na kuku wake kwa kuwa yeye kalipa nauli kamili. Na "reach out" ni kukunyooshea mkono. Meneja akikuahidi kukunyooshea mkono usijiandae kupokea kitu, anakusudia barua pepe. Jamaa mmoja wa Eritrea aliitwa ofisini akaambiwa kwa huruma nyingi kwamba inabidi wamwachie aende. Akashukuru sana, akadhani ni ruhusa ya kuondoka mapema. Alikuwa amefukuzwa kazi.

Lakini meneja nimemzoea. Nisiyemzoea ni yule mama wa kwenye mashine. Duka la mtaani kwetu limepunguza wauzaji, badala yao kuna safu ya mashine ambazo mteja anajihudumia mwenyewe: unapitisha kitu juu ya kioo, inalia pii, unakiweka upande wa mifuko. Chini ya upande huo wamefukia mzani. Mashine inajua uzito wa kila kilichomo dukani. Sukari ikilia pii, inangoja sukari itue, isipungue wala isizidi. Nami nikaenda na kile kikapu cha ukindu alichonisukia Shangazi, chenye vishikio vya ngozi ya mbuzi. Nikakitua. Taa ikawa nyekundu, na sauti ya mama mwenye adabu nyingi ikatangaza, duka zima lisikie: "Unexpected item in the bagging area." Yaani upande wa mifuko kuna kitu kisichotarajiwa. Nikakiondoa. Akasema nikirudishe nilichokiondoa. Nikakirudisha. Hakikutarajiwa tena. Nyuma yangu foleni ya Waingereza, watu ambao hawagombi, wanapumua tu kwa nguvu. Shangazi, kikapu chako kimepita forodha mbili, mbwa wa uwanja wa ndege amekinusa akakiacha, kimekuja kukamatwa mbele ya mkate na maziwa.

Akaja kijana wa duka, akagusisha kadi yake, taa ikazima. Huku anaondoka akaniuliza, "You all right?" Nami ni mtu niliyelelewa; ukiniuliza hali nakupa hali. Nikaanza: mimi sijambo, nyumbani hawajambo, mvua haijatulia, Mama goti linamsumbua. Nilipofika kwenye goti alikuwa mashine ya nne.

Msidhani wenyewe wanaipenda sauti ile. Mwaka 2015 wenye maduka ya Tesco, ambao ndio wakubwa wa biashara hiyo hapa, waliiondoa sentensi ya kitu kisichotarajiwa baada ya wateja kusema inawachosha roho, wakaweka sauti ya kiume yenye maneno laini. Kwenye duka letu habari hizo bado hazijafika. Mimi sauti naivumilia, kinachonishinda ni fikra iliyo nyuma yake. Sokoni kwetu mama wa dagaa akishajaza kopo anachota konzi moja zaidi anaitupia juu. Ile ni nyongeza, na asipoitupia kesho unahamia meza ya jirani. Hawa wameketi, wataalamu wazima na shahada zao, wakabuni chombo ambacho kazi yake kubwa ni kuogopa nyongeza.

Ndiyo maana bamia nazifuata Belgrave Road, kwa mzee mmoja wa Kihindi aliyeingia mji huu kutoka Uganda mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza. Halmashauri ya Leicester mwaka ule ililipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaomba Wahindi wasije huku, mji umejaa. Wapo wanaosema tangazo lenyewe ndilo lililowafahamisha kwamba kuna mji unaitwa Leicester. Wakaja kwa maelfu. Kiswahili cha mzee huyu ni cha kaunta ya Jinja na hakijasogea tangu siku ile. Vitenzi vyake vyote ni amri. Lete. Weka. Funga. Ongeza. Akishapima bamia anachota nyingine kwa mkono, anazitia kwenye kile kikapu cha Shangazi, anasema, "Hii bure." Mzani wake haulii. Mimi huwa nakawia pale kuliko bamia zinavyohitaji, natoka na manjano na ukwaju ambao sina mpango nao, kabati langu sasa linanuka mwambao na mimi ni Mrangi.

Ya treni nitayapitisha haraka kama yenyewe. Tangu 2016 polisi wa reli wana msemo wao, "See it. Say it. Sorted": ukiona kitu cha mashaka, kiseme, tutakimaliza. Unarudiwa kituo hadi kituo mpaka abiria wanatamani wao ndio wawe kitu cha mashaka, washushwe. Januari 2022 waziri wa uchukuzi wa wakati huo, Grant Shapps, alitangaza kwamba matangazo yatapunguzwa. Tangazo la kupunguza matangazo lilitoka, na msemo ule ukabaki palepale. Kondoa haungedumu hata wiki. Pale kwetu Shangazi anakuwa ameshakisema kabla hajakiona.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Huku kuna chama kinaitwa Plain English Campaign, kilichoanzishwa mwaka 1979 na Chrissie Maher, mama wa Liverpool aliyezichanachana nyaraka za serikali hadharani, mbele ya Bunge la London, kwa sababu mtu wa kawaida hakuweza kuambulia kitu ndani yake. Mama wa namna hiyo hata kwetu angepewa kiti. Mwaka 2004 chama chake kiliwauliza wafuasi wake wa nchi mbalimbali ni msemo gani unaowakera kuliko yote. Ulioibuka kidedea: "At the end of the day". Mwisho wa siku.

Nikacheka, nikajiona nimepona, mimi lugha yangu salama. Hapohapo ikaingia sauti ya WhatsApp kutoka kwa mdogo wangu, kuhusu shamba la alizeti: "Kaka, kimsingi mvua imekuwa changamoto, ila sisi kama wadau tupo kwenye mchakato, na mwisho wa siku tutavuna."

Nikaisikiliza tena, nimesimama. Huyu ndiye mtoto niliyemwacha anachunga mbuzi! Mwisho wa siku umefikaje Bicha? Nadhani najua njia yake: ulitoka huku kwenye mikutano kama ya meneja wangu, ukapanda gari la mradi, ukahudhuria semina Dodoma, ukalipwa posho, ukaingia redioni. Kutoka bungeni Dodoma hadi kwetu ni lami tupu. Mvua isipowafika, maneno yanawafika. Na wakati naondoka hapo watu walikuwa na shida. Ng'ombe akifa ilikuwa shida, kisima kikikauka shida. Sasa naambiwa hakuna mwenye shida wilaya nzima, wote wana changamoto, na kisima kimekaukia kwenye mchakato.

Kwenu walau msemo una maana. Jua la Kondoa ni jua la heshima, Januari au Julai linazama mapema jioni, adhana inalia, mbuzi wanarudi, siku imekwisha na kila mtu anajua. Jaribuni kuuishi hapa. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni, natoka kazini gizani kama mwizi. Juni linang'ang'ania mpaka saa tatu na nusu usiku, na miaka ambayo Ramadhani iliangukia huko, Waislamu wa hapa walifunga saa ambazo mtu akiwasimulia hapo msikitini mngesema anatafuta sifa. Kwa hiyo meneja akiniambia mwisho wa siku mzigo utakuwa umepakiwa, nabaki najiuliza siku ya mwezi gani. Nilimuuliza. Akasema ni swali zuri, "going forward" atanijibu.

Na mimi nimeambukizwa, Mama ni shahidi. Juzi nikimuaga kwenye simu nilisikia kinywa changu kikimwambia, "Haya Mama, asante kwa muda wako, tutawasiliana." Kimya. Nikadhani mtandao umekata. Kisha: "Muda wangu upi? Kwani mimi nimeomba mkopo?" Akakata yeye. Mama, nisamehe, na ukimpata mtu anayekuja huku nifungie mlenda mkavu. Ufunge vizuri, unga wa kijani kwenye begi la Mwafrika hautarajiwi.

Mdogo wangu, lima alizeti kwa jembe, mchakato haukamui mafuta.

Baba Mdogo, nisije nikakusahau. Ujumbe wako kuhusu bati za nyumba ulinifikia, na ule wa pili, na ule ulioandika kwa herufi kubwa tupu. Napenda kukuhakikishia kwamba bati zako ni muhimu sana kwangu. Nimeliangalia suala hilo kwa kina, zipo changamoto mbili tatu, lakini kimsingi tuko pamoja, nitakunyooshea mkono hivi karibuni, na mwisho wa siku zitafika. Siku ninayohesabia ni ya Juni.

Wenu,
Mtoto wa Leicester