Do ya Honi

Ukitaka kufundisha watoto kuimba Tunduma, jiandae kushindana na malori. Foleni ya kuvukia Nakonde, upande wa Zambia, ikishafika mbele ya kanisa letu, mwalimu wa kwaya hasikiki tena. Anaonekana tu midomo ikimchezacheza.

Kwaya ya watoto nilikabidhiwa mimi kwa kigezo kimoja: nina kinanda. Kila Jumamosi, kabla ya wimbo wowote, tunapasha sauti. Tunaanza kwa kutetemesha midomo, brrrrr. Si upuuzi. Midomo ikiibana pumzi kidogo, nyuzi za sauti kooni hugusana kwa upole, hazipigani. Ila mtoto wa Tunduma ukimwambia afanye brrrrr, hawazi koo. Anashika usukani. Jumamosi moja sauti ya kwanza walianza kupandisha mlima kwa gia nzito. Sauti ya pili wakafunga breki za upepo, tsss! Mmoja akapiga rivasi, pii, pii, pii, mpaka akaangusha benchi la wazee. Mwingine akajipa uofisa wa forodha, akaisimamisha sauti ya tatu nzima akidai nyaraka za mzigo.

Nikahamia zoezi la king'ora: sauti inatoka chini, inateleza hadi juu, inarudi. Hilo walilipatia mno. Nje bodaboda mmoja alipisha njia, akaingia mtaroni na abiria wake.

Halafu kuna mama mlezi wa kwaya, ambaye huja na tangawizi na mayai mabichi, eti ya kulainisha koo. Nilimweleza kwa adabu kwamba mtu akimeza, njia ya hewa hujifunga. Yai linashukia tumboni, nyuzi za sauti hata haliziamkii. Likizifikia, hapo ni kupaliwa.

"Mwalimu," akasema, "mimi naimba sauti ya pili tangu reli ya TAZARA inajengwa, na yai sijaacha. Wewe unayezijua hizo nyuzi, mbona umepwelewa?"

Kweli, sauti ilikuwa imenikauka kwa kubishana na injini. Na baridi ya Julai, ambayo huku haina huruma, ilikuwa imemalizia kilichobaki.

Siku hiyo betri za kinanda nazo zikafa. Nikasema si neno, tuna do, re, mi. Mchungaji Mwingereza, John Curwen, aliueneza mtindo huo karne ya 19 ili watu wa kawaida waimbe bila kuhangaika na nota za mistari. Foleni yetu hakuwa ameiona. Nilipofungua kinywa niwape do, lori likapiga honi, nao wakaidaka kwa furaha, wimbo ukaondoka.

Uliondoka vizuri, nisiwe mchoyo. Ubeti wa pili, lori la nyuma likajibu kwa honi ya juu kidogo. Sauti ya kwanza wakabaki na lori la kwanza, sauti ya pili wakahamia la pili, na sauti ya tatu, waliokuwa bado hawajaruhusiwa na forodha, wakanyamaza.

Mama mlezi akanisogezea yai.