Barua ya wazi kwa Amiri Jeshi Mkuu kuhusu vyeo vya maofisa

Kwa Mheshimiwa Félix Antoine Tshisekedi Tshilombo,
Rais wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo,
Kinshasa

Mheshimiwa Rais,

Kwa heshima zote zinazokustahili, na kwa unyenyekevu wa raia asiye na cheo chochote, naomba ruhusa yako nikuandikie kutoka Kolwezi. Najua meza yako imejaa mafaili mazito, na huko mashariki vita haijalala. Vita hiyohiyo ndiyo iliyonipa ujasiri, maana ombi langu linahusu watu unaowakabidhi askari wetu.

Niwie radhi nikikurudisha tarehe 17 Julai 2020. Ordonansi zako za vyeo vya jeshi zilisomwa RTNC, televisheni ya taifa, jina baada ya jina, cheo baada ya cheo. Jenerali John Numbi akatoka kwenye ukaguzi mkuu wa jeshi, Jenerali Gabriel Amisi akaingia. Waziri Mkuu, Mheshimiwa Sylvestre Ilunga, alikuwa safarini huku Katanga. Aliyetia sahihi kwa niaba yake ni naibu wake, Mheshimiwa Gilbert Kankonde. FCC, muungano wa mtangulizi wako, ikalalamika; CACH, muungano wako, ikajibu; na kabla mwaka haujaisha ushirikiano wa miungano hiyo miwili serikalini ukavunjika.

Sikuandikii kuamua nani alikuwa na haki siku ile. Kilichoniumiza ni kwamba katika mabishano yale kila upande ulihesabu majenerali wake: wa kwetu wangapi wamepanda, wa kwao wangapi wameshuka. Niliwasikiliza kwa makini wakubwa wa pande zote mbili, nikingoja mmoja aulize kama huyu aliyepewa brigedi anajua kuiongoza, na kama askari wake watakula. Sikumsikia.

Huku kwetu, Mheshimiwa, jambo hili lina makaburi. Mwanzoni mwa mwaka 1978 Rais Mobutu aliwafikisha maofisa mahakamani kwa kosa la kula njama. Baadhi yao walipigwa risasi, na wengine wengi wakafukuzwa jeshini, hasa wenye asili ya Kasai, Bandundu na Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati ule. Tarehe 13 Mei mwaka huohuo waasi wa FNLC, Wakatanga waliokuwa uhamishoni, wakatokea Angola kupitia Zambia, wakaingia Kolwezi. Jeshi la Zaire lilishindwa kuulinda mji. Tarehe 19 askari wa Ufaransa wakaruka kwa miavuli juu ya mji wetu, na kufikia hapo mamia ya watu, weusi na weupe, walikuwa wamekwisha kufa. Wazee wa Manika wanaokumbuka siku zile wako hai. Sidai kwamba ule msako wa maofisa peke yake ndio uliotuletea msiba. Nasema tu kwamba jeshi lililochujwa kwa kabila na kwa utii halikuwa na nguvu siku tulipolihitaji.

Hata mwanzo wa nchi yetu umepitia hapa jirani. Tarehe 8 Julai 1960, askari wa Force Publique, jeshi tulilorithi kwa wakoloni, wakiwa wameasi, serikali ilimpa ujenerali Victor Lundula, aliyekuwa meya kule Jadotville, Likasi ya leo, na Joseph Mobutu akawa mnadhimu mkuu wa jeshi. Lundula alikuwa bado huku Katanga, kwa hiyo Mobutu ndiye aliyeanza kulishika jeshi Leopoldville, Kinshasa ya leo. Siku tatu baadaye Tshombe akatangaza kujitenga kwa Katanga. Septemba, Rais Kasavubu na Waziri Mkuu Lumumba walipofukuzana, mwenye askari mkononi ndiye aliyewaweka kando wote wawili.

Nchi nyingine pia zimejaribiwa. Marekani mwaka 1798, Rais John Adams na Jenerali Washington walivutana juu ya nani awe wa pili jeshini, Hamilton au Knox, mpaka Washington akatishia kujiuzulu na Rais akakubali Hamilton atangulie. Mwaka 1801 Rais Jefferson alipewa orodha ya maofisa yenye alama mbele ya kila jina: huyu anafaa kazi, huyu ni mpinzani. Naikumbuka orodha ile kwa sababu angalau ilimpima mtu kwa kazi yake pia.

Sisi tuna kipimo bora zaidi, Mheshimiwa, na wewe uliapa kukilinda. Ibara ya 189 ya Katiba inadai afya ya mwili, elimu ya kutosha, maadili yaliyothibitika na uwakilishi wa haki wa mikoa. Ibara ya 81 inataka pendekezo la serikali, kikao cha mawaziri, Baraza Kuu la Ulinzi lisikilizwe, na sahihi ya Waziri Mkuu.

Kwa hiyo nakusihi, ukiniruhusu neno hilo: ordonansi ijayo ya vyeo vya jeshi itangazwe pamoja na sifa za kila ofisa, yaani alisoma wapi, aliongoza kikosi gani, na Baraza lilisikilizwa lini. Siri za vita zibaki siri. Na utakapomteua kamanda wa eneo letu, mwenye askari karibu na migodi ya shaba na kobalti ambayo dunia nzima inaitamani, tafadhali usikubali awe fungu la muungano wowote, hata ule unaokuunga mkono wewe.

Nikisubiri jibu lako, naomba upokee, Mheshimiwa Rais, salamu zangu za heshima kubwa.

Raia wako,
Komini ya Manika, Kolwezi