Lita Tano za Ziada

Mapaja bado yananiwasha. Petroli ikigusa ngozi huyeyusha mafuta yake yote na kuiacha kavu, nyekundu, yenye kinyongo. Ikipitia kwenye suruali ya kitambaa, ikakaliwa, ikapigwa na jua la saa saba mchana, kinyongo hicho huhamia sehemu ambazo mtu mzima hawezi kuzikuna hadharani. Nimepaka mafuta ya nazi. Nimekaa kwenye beseni. Mke wangu, ambaye kwa kawaida ni mtu wa huruma, ameniuliza kama vibiriti viko mbali, kisha akaondoka akicheka hadi jikoni.

Yalinikuta gatini, kwenye foleni ya kivuko cha kwenda visiwani, mbele ya abiria waliokuwa na muda mrefu wa kusubiri na hawana cha kutazama. Pikipiki ni Honda XL kuukuu, ile ya miguu mirefu na tairi za meno, iliyowahi kuwa mali ya mradi wa wafadhili. Stika ya mradi ilishabanduliwa lakini kivuli chake kinasomeka mpaka leo ubavuni mwa tenki. Ni pikipiki ya kupanda mawe, na sisi wa Mwanza mawe hatujawahi kupungukiwa. Kasoro yake ni tenki. Aliyelichora aliamini kwamba duniani kote sheli zimepangana. Ukitoka mjini ukapita Magu, ukafika Bunda ukakunja kuelekea ziwani, kisha ukaanza kuzunguka vijijini, jioni injini inaanza kukohoa. Unainama kugeuza koki kwenye resevu, na kuanzia hapo unaendesha kwa dua.

Nikamwendea fundi. Anafanyia kazi chini ya mwembe, upande wa Igoma, na ujana wake aliumalizia Kirumba mwaloni akitengeneza mashine za mitumbwi. Jambo hilo la mashine za mitumbwi msomaji alishike, litatuhusu.

“Bosi, hiyo kazi ndogo,” akasema. “Nakuwekea tenki la pili.” Akafungua simu akanionyesha picha za pikipiki za mashindano ya Paris–Dakar, zile zenye matumbo. “Mzungu anabeba lita thelathini na mbili jangwani. Wewe tano zinakushinda nini?”

Sikuwa na jibu, na hesabu yake ilikuwa sahihi. BMW walitengeneza toleo la R 80 G/S lililopewa jina la mashindano hayo, na tenki lake lilikuwa la lita 32. Mfaransa Cyril Neveu aliyashinda yale ya kwanza, mwaka 1979, juu ya Yamaha XT500 ya silinda moja, pikipiki ambayo fundi yeyote wa Igoma angeifungua na kuifunga bila kuuliza kitu. Niliondoka pale nikijiona jamaa ya watu hao.

Tenki langu la pili lilikuwa dumu la manjano la mafuta ya kula. Alilikalisha kwenye keria nyuma yangu, akalikaza kwa vipande vya tyubu. Alitoboa upande wa chini, akaingiza nipeli, akaizungushia gundi. Toka hapo mpira mwembamba wa mafuta ukapita chini ya kiti mpaka kwenye kiungo cha T, kati ya koki ya tenki kubwa na kabureta. Maungio yote yalibanwa kwa waya. Bei tuliyokubaliana ilijumuisha dumu, mpira, T na koki ya kufungia dumu. Koki haikuwepo. “Duka limefungwa bosi, nitakuwekea ukirudi. Hata hivyo petroli ni kama maji tu, itashuka yenyewe.”

Sasa ngoja nieleze inavyoshuka, maana tangu siku ile sijafikiria kitu kingine, na naona ni jambo zuri kuliko mengi ninayoyasikia kwenye redio.

XL haina pampu ya mafuta. Tenki liko juu, kabureta iko chini, na kinacholeta petroli ni uzito wake mwenyewe. Ndani ya kabureta mna kibakuli, na ndani ya kibakuli mna boya dogo. Petroli ikiingia, boya linapanda. Likipanda linasukuma sindano, na sindano inaziba mlango. Injini ikinywa kidogo, boya linashuka, sindano inaachia, petroli inaingia tena. Linafanya hivyo safari nzima, juu ya changarawe na mashimo, bila umeme wala shukrani. Mimi nimekuwa nikipiga kiki kila asubuhi bila kujua kuna kiumbe mle ndani kinanifanyia zamu.

Boya lakini halijui petroli imetoka tenki lipi. Linajua tu kuziba. Likishaziba, petroli ya dumu na petroli ya tenki kubwa zinabaki zinatazamana kwenye T, na hapo ndipo sheria ya vyombo vilivyounganishwa, ile tuliyoikariri sekondari kwa kuchora mirija ya maumbo tofauti, inapoanza kazi. Kimiminika hakitulii mpaka juu yake pawe sawa pande zote. Kama dumu liko juu zaidi, petroli yake inashuka mpirani, inafika kwenye T, inakuta mlango wa kabureta umefungwa, inapanda kinyumenyume kupitia koki na kuingia tenki kubwa. Na kama tenki kubwa limeshajaa, inatafuta pa kutokea. Kifuniko cha tenki kina tundu la kupumulia, lazima kiwe nalo, kwa sababu bila hewa kuingia petroli haishuki.

Kwenye mashine ya mtumbwi hakuna kesi hiyo. Ile ina pampu yake, inayofyonza. Dumu linakaa sakafuni mwa mtumbwi, chini ya mashine, na mpira una puto la kuminya kwa mkono mpaka petroli ifike. Halina pa kumwagikia kwa sababu liko chini. Fundi wangu alichukua elimu ya ziwani, elimu safi kabisa, akaipandisha kwenye keria.

Kilichochelewesha aibu ni kifuniko cha dumu, ambacho hakikuwa na tundu. Nilipofika Bunda nilikuta dumu limejaa vilevile na mashavu yake yamebonyea ndani. Nikajaza tenki kubwa mpaka mdomoni, maana nani aingie visiwani na tenki nusu, nikaendelea. Nikiwa kwenye foleni gatini nikampigia. “Toboa kifuniko bosi! Msumari tu!” Nikaazima msumari kwa kijana wa miwa. Mashavu ya dumu yakafutuka kwa mlio mdogo wa shukrani, nami nikarudi kukaa kwenye pikipiki.

Gati lina mteremko kuelekea majini. Pikipiki ilikuwa imetazama ziwa, mbele chini, nyuma juu. Yaani dumu lilipandishwa cheo. Na mtu akikaa kwenye XL iliyoinama hivyo, anateleza mbele mpaka analikumbatia tenki kwa mapaja. Nilisikia kwanza ubaridi, na petroli inapogeuka mvuke ni baridi ya kupendeza sana kwa dakika moja. Nilidhani ni upepo wa ziwa. Mama aliyekuwa akikaanga sato chini yangu kidogo ndiye aliyenusa.

“Baba! Baba, hiyo ni petroli!”

Alilitoa karai motoni, akachukua ndoo ya maji ya kuoshea samaki na kuimwaga yote kwenye jiko. Alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hautawanyiki juu kama moshi, unatambaa chini, unafuata mteremko, na mteremko ulikuwa unaelekea kwake. Kijana wa kivuko mwenye fulana ya kung'aa akapiga filimbi. “Mzee, shuka! Usiguse ufunguo! Usiwashe!” Watu wakarudi nyuma wakatengeneza duara. Nikabaki katikati nikichuruzika, huku kila mwenye simu akinishauri kwa sauti. Mmoja alisema nifunge koki. Nikafunga koki ya tenki kubwa. Petroli ya dumu ikakosa njia, ikang'oa waya wa kwenye T na kunimwagikia kwenye kiatu.

Suruali ikabidi ivuliwe. Mama yule yule, ambaye moto wake nilikuwa nimeuzima, alinirushia kanga. Ilikuwa ya njano na kijani, na maandishi yake yalisema SIKUITWA NIMEJILETA. Nilisimama gatini kwa kanga hiyo na helmeti kichwani, helmeti nikiwa nimeiacha makusudi ili nisijulikane, nikamlipa mama sato wote waliokuwa kwenye karai, wabichi upande mmoja.

Nilijaribu kumtania kijana wa kivuko. Hakucheka. “Mzee wangu, kwenye chombo hiki siwezi kukupakia,” akasema kwa upole. Mzee mmoja aliyekaa juu ya gunia la mihogo akaongeza, hata hakunitazama, “Tangu Nyerere izame, hatubahatishi.” MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, ikaondoka na watu 228. Ilizidiwa abiria na mizigo, petroli haikuhusika, lakini huwezi kusimama umevaa kanga kwenye gati la kwenda Ukerewe ukaanza kueleza tofauti hiyo. Nikasema, “Sawa baba.” Niliona haki iko kwao.

Kisha nikageuza kichwa. Hatua chache pembeni ya gati, ufukweni, vijana walikuwa wakipakia mtumbwi wa mashine. Walipakia madumu ya lita ishirini. Petroli, dumu juu ya dumu, yameshindiliwa kwa vipande vya nailoni mdomoni, na juu ya madumu wakaketi akina mama wawili na mtoto. Mmoja wa wapakiaji alikuwa na sigara nyuma ya sikio. Hakuna aliyepuliza filimbi. Yule wa fulana ya kung'aa aliwapungia mkono, mmoja wao ni binamu yake.

Hapo nikakasirika, na hasira hiyo haijatoka kama mwasho. Kwenye sheli nilikofunga safari, mhudumu alinikatalia dumu kwa kunionyesha tangazo ukutani, mpaka nilipomshawishi kwamba kitu chenye mpira unaoingia kwenye kabureta si dumu tena, ni kiungo cha pikipiki. Katazo lenyewe lina maana; plastiki hujaa umeme wa msuguano, cheche moja yatosha. Lakini mvuvi wa dagaa visiwani mashine yake inakunywa petroli, na petroli hiyo haifiki kule kwa bomba. Inafika kwa madumu, kila mtu anajua, tangu mwaloni hadi kwa mkuu wa kila kitu. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wadhibiti wa nishati, wanatangaza bei kikomo kwa kila mji. Nikifika kijijini nakuta bei nyingine, ya mezani, kwenye chupa za maji ya kunywa za lita moja na nusu ambazo hazijazwi hadi shingoni. Tangu 2010 mafuta yanawekwa vinasaba ili yasichakachuliwe kwa mafuta ya taa. Nani anapima vinasaba kwenye chupa ya maji iliyokaa juani chini ya mwavuli? Nesi wa zahanati, bwana shamba, mwalimu anayefuata mshahara mjini, wote hununua hapo, na pikipiki zao hukohoa wiki nzima. Anayetaka kutoka mjini na lita zake tano halali, zenye risiti, ndiye mhalifu.

Nimeanza kutafuta dumu la chuma la kijeshi. Wajerumani walilibuni miaka ya 1930, na walilifikiria kwa kina cha kutisha. Ni la lita 20, na juu lina vishikio vitatu: mtu mmoja anakamata kile cha katikati, wawili wakigawana wanashika vya pembeni, na matupu unabeba mawili kwa kila mkono. Juu limeachiwa nafasi ya hewa, hivyo petroli ikitanuka kwa joto ina pa kwenda, na likiangukia majini likiwa limejaa linaelea. Waingereza kule Afrika Kaskazini walikuwa na makopo ya bati yaliyovuja jangwani hadi ikawa fedheha. Walipoyateka ya Wajerumani waliyanakili bila haya. Vita nzima imefanyika, majeshi yamepita, na mimi wa Mwanza nimewekewa dumu la mafuta ya alizeti. Nimepata moja kwa muuza vyuma chakavu. Lina kutu ndani.

Njia nyingine nazo zimegoma. Tenki kubwa la mtumba tulilojaribu lilizuia usukani kukata kona ya kulia. Chupa niliyoitia mfukoni mwa koti ilitanuka, ikanifungukia kanisani.

Fundi amenipigia leo asubuhi. Pole hajasema, amesema nimebakiza elfu tano. Nikamuuliza elfu tano ya nini. Akanijibu, ya koki.