Tembo Wangu wa Tabora

Mwaka 2023, Uingereza ilipotangaza sarafu za dhahabu za kumbukumbu ya kutawazwa kwa Mfalme Charles III, sisi watatu wa kijiwe cha kahawa Magomeni tulikuwa na maoni mengi kuliko hela ya kashata.

Mzee, mstaafu wa reli na mkusanyaji wa sarafu tangu enzi za senti kumi za tundu, alianzia kwenye sura. Marehemu mama wa mfalme alitazama kulia miaka yote ya utawala wake. Mwanawe katazamishwa kushoto. Ni desturi yao ya karne nyingi, kila anayeingia humpa kisogo aliyetoka. "Huku kwetu," akasema, "mtoto wa namna hiyo angeitiwa kikao cha ukoo."

Sonara yeye hana habari na sura. Alitaka gramu. Soverini, sarafu yenyewe ya dhahabu, ina gramu 7.98, dhahabu ya karati 22, kisheria thamani yake ni pauni 1, tena pauni hiyo hata haijaandikwa popote juu yake. Lakini ukiitaka, unatoa mamia ya pauni. "Mimi nikimuuzia mtu pete kwa hesabu hiyo," akasema, "nalala polisi."

Ningenyamaza, siku ingeisha salama. Nikajikohoza, nikawaambia kwamba sarafu za kumbukumbu za siku hizi ni biashara tu, zinatoka nyingi mno, na mkusanyaji anayejiheshimu hutafuta kitu kilichozaliwa na shida. Kama, kwa mfano, hiki. Nikafungua leso.

Ilikuwa rupia 15 ya Tabora ya mwaka 1916. Mzee aliweka kikombe chini. Historia yake anaijua kama njia ya kwenda chooni: Wajerumani wamebanwa na vita, meli za Waingereza zimefunga bahari, fedha kutoka kwao haifiki, basi wakachukua dhahabu ya mgodi wa Sekenke wakaifua sarafu Tabora, kwenye karakana ya reli. Zilitoka elfu kumi na sita na ushei. Upande mmoja tai, upande wa pili tembo kainua mkonga na mlima nyuma yake.

"Umeipata wapi, mdogo wangu?"

"Ubungo. Kwa kijana mmoja aliyekuwa anawahi basi."

Wakatazamana. Mtazamo ule naujua; ndio wa madaktari wawili juu ya kichwa cha mgonjwa.

"Mbona inang'aa hivi?" mzee akauliza.

Nikaeleza kwa fahari kwamba niliisugua usiku kucha kwa majivu na ndimu. Mzee akafumba macho. Kwa wakusanyaji, kumbe, kusugua sarafu kongwe ni kama kumnyoa simba manyoya ili apendeze. Nilipewa somo refu juu ya rangi ya uzee, na jinsi mnunuzi anayejua anavyoikimbia sarafu iliyooshwa. Nilijitetea kwamba bei nilipunguziwa: kijana alianza na laki tatu, nikambana hadi laki na nusu, na nilipoondoka nilimhurumia.

Sonara hakusema kitu. Alitoa mfukoni kijiwe cheusi (huyu mtu anatembea nacho kama wengine wanavyotembea na tasbihi), akakwaruza ukingo wa sarafu juu yake, ukabaki mstari wa njano mzuri kabisa. Moyo ukatulia. Kisha akadondosha tone la asidi. Mstari ukafuka povu la kijani, ukapotea. Nilimwomba arudie, labda jiwe lilikuwa na vumbi. Akarudia. Povu la pili lilikuwa kijani zaidi.

"Shaba," akasema.

Nikashika uzi wa mwisho. Si nimesoma kwamba Tabora mwaka ule ule walifua pia sarafu za shaba za heleri 20? Huenda yangu ni ya ukoo huo! Mzee akavaa miwani, akaisogeza juani, akaigeuza mara mbili.

"Heleri 20 haina tembo," akasema. "Halafu huyu wako, mdogo wangu, ana mikonga miwili."

Nilitazama. Mmoja ulikuwa mkia, kwa maoni yangu, ila uliotea mahali pabaya.

Muuza kahawa, aliyekuwa anasikiliza tangu mwanzo, akaiomba. Akainama, akaisukuma chini ya mguu wa meza uliokuwa unatutesa tangu Ramadhani, akaijaribu meza kwa kiganja. Haikutikisika. Kahawa ya raundi ile akasema ni bure kwangu peke yangu.